Hesabu za Mwalimu katika Njia ya Shaba

Lori nililopanda Lubumbashi lilikuwa limebeba salfa. Ilishushwa melini bandari ya Dar es Salaam, ikapita Tunduma, ikaikata Zambia hadi Kasumbalesa, na sasa ilikuwa inakwenda kwenye mitambo ya Kolwezi kutengenezewa asidi ya kuyeyushia mawe ya shaba na kobalti. Likirudi, lori hilohilo litabeba mabamba ya shaba. Dereva, mtu wa Mbeya, alikuwa na habari ya kila kona: hapa wanakaa polisi, hapa pana ushuru, hapa mwenzetu aliungua pamoja na gari lake. Akaniuliza na mimi nimebeba nini. Nikamwambia barua. "Za nani?" Za mfungwa. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi mzee, zitie chini ya kiti. Huku mbele maswali ni mengi."

Zilikuwa karatasi za daftari zilizokunjwa mara nne, kila moja na jina lake juu. Nilikabidhiwa na kikundi cha kanisa kinachotembelea wafungwa siku za Jumapili, baada ya mimi mwenyewe kuingia nao, na kasisi wao alikuwa amekwisha kuzisoma. Gereza silitaji, wala jina la mwandishi, maana bado yumo. Amehukumiwa kifungo cha maisha. Ndani wanamwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo.

Mgeni akiingia gereza la Kongo hutafuta askari kwa macho, asiwaone. Askari wako langoni. Ndani wafungwa hutawaliwa na wafungwa wenzao: yuko kapita mkuu, chini yake makapita wa kila jengo, na chini yao vijana wa kutekeleza amri. Chakula ni vungure, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, na asiye na ndugu wa kumletea bukari, yaani ugali, kutoka nje hukonda watu wakimtazama. Pa kulala pana bei yake. Wengi wa waliomo hawajahukumiwa, wanangoja kuitwa mbele ya hakimu. Utawala huo wa ndani ukiharibika, huharibika vibaya sana. Septemba 2020, katika gereza la Kasapa mjini Lubumbashi, wafungwa waliasi, moto ukawashwa, na kwa siku kadhaa wanawake waliofungwa humo wakabakwa na wafungwa wenzao. Nalisema hili mapema kwa sababu sipendi zile shuhuda za magerezani zinazoanza gizani na kuishia na kwaya.

Mwalimu alianza kifungo chake upande wa wenye nguvu. Alikuwa kapita wa jengo. Mtu mpya akiingia, yeye ndiye aliyempangia pa kulala, na yeye ndiye aliyepokea fedha. Kosa lililomfikisha pale alinieleza kwa sentensi moja: waliteka gari barabarani usiku, na mtu akafa. Hakuongeza neno, wala hakunitazama kuona nimelipokeaje.

Kilichomgeuza ni karatasi. Siku moja alipewa nakala ya hukumu yake, kurasa za Kifaransa zenye muhuri chini. Hakujua kusoma. Jengoni mwake alikuwamo kijana wa shule ya sekondari, aliyekamatwa usiku ndani ya eneo la kampuni ya mgodi akiokota mawe, na ambaye juzi yake tu Mwalimu alikuwa amemtoza fedha ya pa kulala. Akamwita amsomee. Kijana akasoma akitetemeka, akafika mahali palipoandikwa maneno aliyodaiwa kuyakiri mbele ya polisi na kuyatia dole gumba.

"Yale maneno sikuyasema yote," Mwalimu aliniambia. "Kuua, niliua. Kilichonichoma ni kwamba maisha yangu yote yalikuwa kwenye karatasi, na mimi nimeyashika mkononi kama mtu aliyeshika jani."

Akamrudishia kijana fedha yake, akamwomba amfundishe herufi. Waliandika kwa makaa kwenye sakafu ya saruji na kufuta kwa kitambaa chenye maji. Kijana alitoka muda si mrefu, naye akaendelea na mwingine, kisha na mwingine, mpaka akaweza kusoma hukumu ile peke yake kwa kidole. Halafu akaanza kufundisha. Mwanzoni alitoza kipande cha sabuni kwa kila somo, maana desturi ya kutoza ilikuwa bado imo ndani yake. Nikamwuliza kwa nini aliacha. Nilitarajia anitajie Mungu. "Wenye sabuni walikuwa wachache," alisema, "na wasio na sabuni ndio waliokuwa wajinga zaidi." Ukapita nao akauacha mwenyewe, na pamoja nao akapoteza pa kulala pazuri. Tangu hapo analala karibu na choo.

Darasa lake nililiona. Watu walikaa chini kwenye kivuli cha ukuta, kivuli kilipohama nao wakahama. Wengi ni vijana wa migodi: aliyekata waya wa umeme, aliyeruka ua wa kampuni, aliyepigana kwenye depo la mawe. Somo la kwanza ni jina lako mwenyewe. La pili ni tarakimu. La tatu, ambalo analirudia mpaka wanalichoka, ni kutokutia sahihi wala dole kwenye karatasi ambayo hujaisoma au hujasomewa na mtu wako. Mwenye kesi iliyosahaulika, Mwalimu humwandikia barua kwa mwendesha mashtaka na kuitoa kupitia kwa kasisi. Wapo waliotoka kwa barua hizo. Kuhusu kuchimba, hakuna aliyewahi kumsikia akiwaambia waache. Angewaambia waende wapi?

Waliotoka ndio niliokuwa nimewabebea barua.

Likasi, mji ambao Wabelgiji waliuita Jadotville, uko kilomita kama 120 kutoka Lubumbashi. Una mitaa mipana ya zamani ya kampuni ya Union Minière, na nje yake kuna gereza la Buluwo, ambalo watu wa siasa wa Kinshasa wanalijua kwa jina hata wasiojua Likasi iko wapi. Niliyemtafuta alikuwa fundi viatu karibu na soko. Nilimwonyesha karatasi. Akautambua mwandiko kabla hajalisoma jina, nikaona shingo yake imekaza. "Mi sijue ule mutu," alisema kwa sauti ya kusikiwa na majirani. Kisha akainama kama anayetafuta msumari, akaninong'oneza: mke wake hajui kama aliwahi kufungwa. "Utamuambia niko muzima. Barua, papa, rudisha tu." Mkononi alikuwa ameshika kiatu cha mteja, na ndani ya soli alikuwa ameandika kwa kalamu jina la mwenyewe na bei. Nilinunua kwake gundi ya lori letu, tukaagana kama watu wasiojuana. Dereva alikasirika kwa niaba ya Mwalimu. Mimi sikukasirika. Mtu aliyefundishwa akaishi hata akapata cha kuficha, naye amefika mahali.

Mulungwishi tuliipita bila kusimama, pale Wamethodisti walipoanza zamani kufunza walimu na wachungaji. Fungurume tulisimama kula samaki tomson wa kukaanga. Vilima vya pale vimeliwa na mgodi wa Tenke Fungurume, ambao sehemu yake kubwa sasa ni ya kampuni ya CMOC ya China, na ukisimama barabarani unahesabu malori mpaka unachoka. Barua ya Fungurume haikupata mwenyewe. Jirani alisema amehamia Manono kufuata kazi, na alipoondoka alimwachia deni la nusu gunia la unga.

Baada ya Fungurume barabara inavuka mto Lualaba, ambao huko mbele ndio unaokuwa mto Kongo. Maji yake pale ni ya kawaida tu, na hakuna kibao cha kukuambia umevuka nini. Kisha unafika Musompo.

Musompo ni soko la mawe. Pande zote kuna mabanda ya mabati na maturubai, na mbele ya kila banda ubao ulioandikwa kwa kalamu nene: upande mmoja kiwango cha madini kwa asilimia, upande wa pili bei ya kilo. Wachimbaji huleta magunia kwa pikipiki na malori madogo, na wanunuzi wengi ni Wachina. Anayeamua kila kitu ni Metorex, mashine ya kushikwa mkononi kama bastola. Mtu anaielekeza kwenye unga wa mawe, inanguruma kidogo, kisha kwenye kioo chake kinatokea kiwango. Asilimia moja ikipotea hapo, wiki nzima ya kazi ya watu sita chini ya ardhi imepungua. Halafu unakatwa unyevu, maana mawe yakiwa na maji ni mazito. Halafu mizani. Kila hatua ina namba, na kila namba anaitaja mwenye banda.

Niliyemtafuta hapo hakukana chochote. "Mwalimu eko muzima?" lilikuwa neno lake la kwanza, hata kabla ya salamu. Alikuwa kijana mwembamba mwenye daftari lililoviringishwa mfukoni mwa nyuma, na wenzake wanamwita mutu wa kaye, kwa sababu ya hilo daftari. Yeye hashuki tena shimoni. Kundi lake limemweka kuwa mwandishi: anahesabu magunia yakitoka, anasimama mbele ya Metorex yakipimwa, anagawa fedha jioni.

Aliisoma barua akiwa amesimama, kidole chini ya mstari, midomo ikitembea. Katikati akaangua kicheko. Akanionyesha. Mwalimu, baada ya kuuliza afya na kumtaka amsalimie mama yake, alikuwa amemwandikia swali: magunia 7, kila moja kilo 48, unyevu asilimia 12, kilo ngapi zinalipwa? Kijana alichuchumaa, akaweka daftari juu ya goti. Akazidisha, akapata 336. Asilimia 12 akaifanyia kazi pembeni, akaifuta mara moja, akairudia. Mwisho akaandika 295.68 na kuipigia mstari mara mbili. Akaniambia nimpelekee Mwalimu jibu hilo, na nimwambie pia kwamba kwenye banda fulani, kwa magunia kama hayo, wangelipwa kilo 280, na nukta wangeila.

"Sasa kujua kunakusaidia nini?" nilimwuliza.

Akafikiri. Alisema zamani walikuwa wanaibiwa na kurudi nyumbani wakilaumiana, kila mtu akidhani mwenzake amekula. Walishawahi kupigana, na ndivyo yeye alivyofungwa: alimvunja mwenzake mkono kwa fedha ambazo, anaamini leo, huyo mwenzake hakuzichukua. Siku hizi wakiibiwa wanajua wameibiwa wapi na kiasi gani. Mara nyingine wanabeba magunia yao kwenda banda la pili. Mara nyingine hawana nauli ya kubeba, wanapokea. Mizani si yao, mashine si yao. Na serikali iliposimamisha usafirishaji wa kobalti Februari 2025, ili bei ya dunia ipande, bei iliyoonekana kushuka ilikuwa ya pale ubaoni, na wengi wakakimbilia shaba.

Nikamwuliza kama naye anafundisha. Akaninyooshea vijana wawili waliokaa juu ya magunia, mmoja akiwa amevaa kofia ngumu isiyo na utepe. "Bale banajua mpaka asilimia," alisema. "Kugawanya, bado."

Kolwezi tuliingia jua likizama, vumbi limekuwa jekundu. Mji huu ulijengwa na Union Minière juu ya madini yenyewe, na sasa madini yanaudai mji wake. Shimo la kampuni ya Commus liko karibu na nyumba za watu kiasi kwamba wakazi wanaonyesha nyufa za kuta zao kwa mgeni. Kasulo, mtaa wa kawaida wa watu wa kawaida, ulichimbuliwa uani na sebuleni baada ya kobalti kuonekana humo mwaka 2014, mpaka sehemu yake ikazungushiwa ukuta 2017. Juni 2019 ukingo wa mgodi wa KOV uliwaporomokea wachimbaji walioingia kinyume cha ruhusa, wakafa 43 kwa hesabu ya serikali. Waliookoka katika mambo kama hayo wakikamatwa ndio wanaokaa kwenye kivuli cha ukuta wa Mwalimu.

Usiku, kwenye nyumba ya wageni ya mtaa wa Manika, nilikaa na wakili mmoja wa mji huo ambaye kasisi alikuwa amenielekeza kwake. Nilitaka kujua mtu kama Mwalimu hutokaje. Akaagiza bia, akanipa jibu la kwanza ambalo kila mtu wa jimbo la Lualaba hulitoa: Eddy Kapend. Kanali huyo, Mlunda, msaidizi wa Rais Laurent-Désiré Kabila, alihukumiwa kifo Januari 2003 katika kesi ya mauaji ya bosi wake, kosa ambalo amelikana siku zote. Alikaa gereza la Makala mjini Kinshasa mpaka Januari 2021, alipotoka kwa msamaha wa Rais Félix Tshisekedi. Baadaye akawa jenerali na kupewa kuongoza eneo la 22 la kijeshi, makao yake Lubumbashi. Mtu aliyehukumiwa kufa akaja kuwa mkuu wa askari wa eneo zima.

"Lakini yule alikuwa na jina," wakili alisema. Misamaha ya rais huja sikukuu ya uhuru, tarehe 30 Juni, au mwisho wa mwaka, na huja kwa makundi. Asiye na jina hutegemea faili, na faili hutegemea mtu wa kulisukuma. Jambo ambalo sikulijua ndilo alilolisema mwisho, karibu kwa hasira: sheria ya adhabu ya Kongo, ile ya 1940, inaruhusu hata aliyefungwa maisha kufikiriwa kuachiwa kwa masharti baada ya kutumikia miaka mitano. Mlango umo kwenye kitabu. Wanaoujua ni wachache, na wanaoujua zaidi hawana haja nao. Wakati huohuo walio na hukumu ya kifo, ambayo tangu 2003 ilikuwa haitekelezwi na kwa hiyo imekuwa kifungo cha maisha kwa jina lingine, walisikia Machi 2024 kwamba zuio hilo limeondolewa. Katika darasa la Mwalimu wamo watu wa aina hiyo. Wiki ile, alikuwa ameniambia, hakuna aliyekuja kusoma.

Nilimweleza wakili yaliyotokea upande wetu. Kenya, Agosti 2009, Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia hukumu ya kifo watu zaidi ya 4,000 ikawa ya maisha. Miongoni mwa wafungwa wa gereza la Kamiti wa miaka hiyo alikuwamo Peter Ouko, aliyesomea sheria gerezani kupitia Chuo Kikuu cha London, na akiwa ndani akaanzisha shirika la Crime Si Poa la kuwaonya vijana wasifuate uhalifu. Alitoka kwa msamaha wa rais mwaka 2016, baada ya miaka 18. Uganda, Susan Kigula alikuwa akingojea kunyongwa katika gereza la Luzira pale yeye na wenzake zaidi ya 400 walipoishtaki serikali. Mahakama ya Juu ilikubali Januari 2009 kwamba hakimu asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo. Kigula akapunguziwa kuwa miaka 20, akasomea sheria humo humo, akatoka 2016. Wakili alisikiliza, akauliza swali moja: "Vitabu walipewa na nani?" Nikamwambia palikuwapo shirika lililowapelekea walimu na vitabu. "Ehe," alisema.

Kwa maoni yangu hapo ndipo tofauti ilipo. Ouko na Kigula hawakuwa na akili kumzidi Mwalimu wala kujuta kumzidi. Walipata mtihani wenye muhuri, na muhuri hakimu anaujua. Mwalimu ana watu waliotoka wakijua kusoma, na hakuna ofisi inayowahesabu. Anawaandikia wengine maombi ya kutoka, lake hajaliandika. Nilipomwuliza sababu, alisema aliyekufa barabarani alikuwa na mama, na hajui aanzie wapi kuandika barua ambayo mama huyo hatakiwi kuisoma. Hapo sikuwa na la kumjibu, na sijalipata mpaka leo. Wakili amekubali kulitazama faili. Hakuahidi zaidi ya hapo, na namwamini kwa sababu hakuahidi.

Jibu la hesabu, pamoja na habari za mabanda ya Musompo, nililituma kwa kasisi kutoka Kolwezi. Alinijulisha baadaye kwamba Mwalimu ameliandika sakafuni na kulifanya somo la siku, akawauliza wanafunzi wake: kati ya 295.68 na 280, zimepotea kilo ngapi, na kwa bei ya ubaoni ni fedha ngapi? Walibishana mpaka saa ya kufungiwa.

Najua wasomaji wengi wa Kiswahili mnapita njia ile siku hizi, kwa malori, kwa vitenge, kwa kutafuta kazi migodini. Ukipata nafasi ndani ya mzigo wako, weka madaftari, kalamu za wino, na kitabu cha hesabu cha darasa la tano au la sita, hata kilichotumika, cha Kiswahili au cha Kifaransa. Ukifika Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, ulizia parokiani kasisi anayehudumia magereza, umkabidhi. Biblia wanazo za kutosha.